Mwalimu wa mazoezi ana vifupisho tisa baada ya jina lake. Nitajuaje kama amesoma kweli?

*"Nina miaka 43. Miezi minane iliyopita niliinama kuinua ndoo ya maji, mgongo ukashika papo hapo. Nilipimwa, nikafanyiwa MRI, nikaambiwa disiki mbili za chini zimechakaa ila hakuna mshipa wa fahamu uliobanwa. Nimefanya fiziotherapia wiki sita, maumivu yamepungua sana, na nimeshauriwa niendelee na mazoezi ya kuimarisha misuli. Mtandaoni nimempata mwalimu anayejiita mtaalamu wa mwendo wa mwili, na baada ya jina lake kuna vifupisho tisa. Nilipomtumia ripoti ya MRI alisema nyonga yangu imepinda na ataninyoosha kwa vipindi 12, vyote nilipie mwanzoni, na nafasi inafungwa Ijumaa. Nilimwomba vyeti akanitumia picha moja. Naona haya kumuuliza zaidi, asije akadhani namdharau. Nifanyeje?"*

Dada yangu, nianze na hiyo haya, maana nimeona ikiwaponza watu wengi wenye akili zao timamu. Unakwenda kumkabidhi mtu mgongo wako. Ataushika, ataubebesha uzito, atakuhimiza uendelee mahali ambapo peke yako ungeacha. Kumuuliza amesomea wapi si dharau hata kidogo. Mwalimu aliyesoma kweli ameshaulizwa hivyo na mwenye ukumbi kabla ya kumruhusu afundishe, na kampuni ya bima kabla ya kumkatia bima, na chama chake kila anapohuisha cheti. Amelizoea swali hilo, na atakutumia namba yake ya usajili bila kusita, kama anavyokutumia namba ya simu. Akikukasirikia kwa kuulizwa, amekwisha kukujibu.

Umeuliza kama vyeti ni vya kweli. Kuna swali la pili ambalo hukuliuliza, nalo kwangu ni zito kuliko hilo: hata kama vyote tisa ni vya kweli, je, kuna hata kimoja kinachompa uwezo wa kufanya anachokuahidi? Nitayajibu yote mawili, la kwako kwanza.

Jina analojiita halina mwenyewe. Katika nchi nyingi, majina kama daktari, muuguzi na mtaalamu wa fiziotherapia yanalindwa na sheria. Uingereza, kwa mfano, mtu akijiita mtaalamu wa fiziotherapia wakati hayumo katika daftari la baraza linaloitwa HCPC ametenda kosa la jinai, na daftari lenyewe liko wazi mtandaoni, unaandika jina unaona. "Mwalimu wa mazoezi", "kocha", "mtaalamu wa mwendo" hayana ulinzi wa namna hiyo karibu kila mahali. Mtu anaweza kuamka asubuhi akajipa. Hata majina ya mbinu zinazojulikana dunia nzima hayana mlinzi: mwaka 2000 mahakama ya shirikisho huko New York iliamua kwamba neno Pilates ni jina la kawaida la aina ya mazoezi, si mali ya kampuni yoyote. Tangu hapo, Marekani, yeyote anaweza kuandika mlangoni kwamba anafundisha Pilates, awe alisoma miaka miwili au alitazama video. Sisemi kwamba wote ni matapeli. Ninasema jina halikuambii lolote, kwa hiyo itabidi utazame nyuma yake.

Nyuma ya jina kuna karatasi, na karatasi hazilingani. Ya kwanza ni cheti cha kuhudhuria: ulilipa, ulikaa darasani, umepewa. Ya pili ni cheti cha kufaulu mtihani, ambacho kina muda wa mwisho na masharti ya kukihuisha. Ya tatu ni usajili katika chama au daftari fulani. Ya nne ni leseni ya serikali, ambayo walimu wa mazoezi wengi hawanayo kwa sababu nchi zao hazitoi kitu kama hicho. Vifupisho vinavyowekwa baada ya jina vinachanganya zote hizi katika mstari mmoja, na msomaji anahesabu: tisa! Mimi niliwahi kuhudhuria kozi ya siku mbili kuhusu upimaji wa mwendo. Siku ya pili, tukiwa tunakunywa chai ya jioni, mwalimu alipita na bahasha, kila mtu akapewa cheti chenye jina lake kikiwa kimechapwa kabla hata hatujafika. Hakuna aliyetupima. Kifupisho chake kilikuwa na herufi nne za kupendeza, na wenzangu kadhaa walikiweka kwenye kadi zao wiki hiyo hiyo. Vifupisho tisa vya mwalimu wako vinaweza kuwa vya mtu aliyesoma miaka kumi, na vinaweza kuwa mikutano tisa ya mwisho wa wiki.

Jambo linalosaidia ni kuuliza saa ngapi, chini ya nani, na mtihani wa namna gani. Tofauti ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mwalimu wa mbinu ya Alexander, inayofundisha kukaa na kusogea bila kukaza mwili bure, aliyefuata mtaala wa chama chao cha Uingereza, STAT, amesoma saa 1,600 kwa miaka mitatu. Wa Feldenkrais, mbinu nyingine ya kujifunza kusogea kwa utulivu, hupitia takriban saa 800 zilizogawanywa katika miaka mitatu hadi minne. Mwalimu wa yoga mwenye herufi RYT 200 amemaliza mafunzo ya saa 200 katika shule iliyosajiliwa na Yoga Alliance, na hapo uelewe kwamba Yoga Alliance inatunza daftari tu, mtihani inawaachia shule zenyewe. Upande wa mazoezi ya nguvu, cheti cha CSCS, cha wakufunzi wa nguvu, kinachotolewa na taasisi ya Marekani iitwayo NSCA, hakitolewi mpaka uwe na shahada ya chuo kikuu, ilhali vyeti vya kawaida vya mwalimu binafsi vya NSCA hiyo na wenzao ACE, NASM na ACSM havidai shahada lakini vina mtihani wa kweli. Na hivi vyote vinne vimepewa ithibati na NCCA, chombo kinachokagua kama mitihani ya vyeti ni ya haki na imetungwa kitaalamu. Ukiona kifupisho usichokijua, swali la kwanza ni hilo: mtihani wake umekaguliwa na nani mwingine?

Sasa kuhusu hiyo picha aliyokutumia. Picha ya cheti haithibitishi kitu. Si kwamba namshuku mwalimu wako; ni kwamba picha imetoka kwake, na uthibitisho lazima utoke kwa aliyemtunuku. Ifungue tena uitazame polepole. Tafuta kitenzi. Imeandikwa "amehudhuria" au "ameshiriki", au imeandikwa "amefaulu" au "ametimiza masharti ya kuthibitishwa"? Tafuta namba ya cheti. Mara nyingi iko chini pembeni kwa maandishi madogo, na mara nyingi ndiko picha ilikokatwa. Tafuta tarehe ya mwisho. Vyeti vya ACE na NASM huhuishwa kila baada ya miaka miwili, vya ACSM na NSCA kila mitatu, na mwenye cheti lazima aonyeshe kwamba ameendelea kusoma na kwamba cheti chake cha huduma ya kwanza ya moyo hakijaisha. Cheti cha 2016 kisicho na mwendelezo kinakueleza alikuwa nani mwaka 2016.

Ukishapata jina kamili na namba, nenda mwenyewe kwenye tovuti ya taasisi iliyotoa. Usibonyeze kiungo alichokutumia. Andika jina la taasisi mwenyewe na ufike kwa njia yako. ACE, NASM, ACSM na NSCA zote zina ukurasa wa kuhakiki, na haitozwi chochote. Taasisi isipokuwa na ukurasa huo, waandikie barua pepe mistari miwili: fulani, namba fulani, je, cheti chake kiko hai? Wasipojibu kwa wiki nzima, au ikitokea kwamba mwenye taasisi ni huyo huyo mwalimu wako (nimekutana na hilo zaidi ya mara moja, mtu amejitunuku cheti cha shule yake mwenyewe), kifute hicho kwenye hesabu. Vikibaki viwili vilivyo hai na vinavyohusu kazi yako, vinatosha. Sihitaji tisa, nawe huhitaji.

Kuna vitu ambavyo watu hutumia badala ya uhakiki, nitavipitia haraka. Mwili uliojengeka unaonyesha anavyojua kujifundisha mwenyewe akiwa mzima. Wafuasi wengi wanaonyesha anajua kupiga video. Ushuhuda wa wateja una uzito kidogo, lakini maumivu ya mgongo yana tabia ya kupanda na kushuka yenyewe, na watu huenda kwa mwalimu yanapokuwa kileleni, kwa hiyo wengi wangepata nafuu kwa vyovyote na sifa zikamwendea aliyekuwa karibu. Shahada ya sayansi ya michezo ni nzuri, ila uliza kama amewahi kusimamiwa akifundisha watu wenye maumivu, maana darasani hapafanani na hapo.

Tuje kwenye lile la pili. Amesoma MRI yako, akasema nyonga imepinda, akaahidi kuinyoosha. Hapa ndipo moyo wangu uliposhtuka, kabla hata sijafikiria vyeti.

Hakuna cheti cha mwalimu wa mazoezi, hata kile kizuri kabisa, kinachompa mtu kazi ya kusoma MRI na kutaja ugonjwa. Hilo ni la daktari. Tena MRI ya mgongo wa chini kwa kawaida haipigwi ili kupima kama nyonga imekaa sawa. Na hata angekushika kwa mikono, utafiti umeonyesha mara kwa mara kwamba wapimaji wawili wakipapasa nyonga ya mtu mmoja hawakubaliani kiasi cha kutegemewa kama imepinda na imepinda wapi. Watu wengi wasio na maumivu yoyote hawalingani kushoto na kulia, kama uso usivyolingana.

Neno "zimechakaa" nalo najua linavyotisha, kwa hiyo nikupe kipimo. Mwaka 2015 ulichapishwa uchambuzi uliojumlisha picha za watu 3,110 ambao mgongo wao haukuwa ukiwauma kabisa. Kuchakaa kwa disiki kulionekana kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, asilimia 68 ya wenye miaka 40, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Wewe una 43. Ukiwakusanya watu wa rika lako wasiolalamika chochote, wengi wao wana picha kama yako. Daktari wako alipokuambia hakuna mshipa uliobanwa, alikupa habari njema kuliko jinsi ilivyosikika.

Kinachobaki ni hiki: mgongo ulioumia hupoteza nguvu na hupoteza ujasiri. Ulipoacha kuinama kwa miezi, misuli ililegea, na neva zako zikajifunza kupiga kelele mapema, kabla ya hatari kufika. Dawa yake ni mzigo unaoongezwa kidogo kidogo. Leo unainua kitu chepesi kutoka usawa wa meza, baada ya wiki mbili kutoka kwenye kiti, baada ya mwezi kutoka sakafuni, na kila hatua mwili unajenga misuli, kano zinakazika (hizo huchelewa kuliko misuli, ndiyo maana kukimbilia uzito mkubwa huleta maumivu mapya), na ubongo unashuhudia kwamba kuinama hakukuleta balaa. Kazi hii mwalimu mzuri wa mazoezi anaiweza kabisa, na mara nyingine anaiweza kuliko sisi wa kliniki, kwa kuwa yuko nawe mara mbili kwa wiki kwa miezi. Hahitaji kunyoosha chochote ili aifanye. Ninaogopa mwalimu anayekwambia umepinda kwa sababu mtu anayeamini amepinda huogopa kusogea, na woga huo nimeuona ukiwashikilia watu kwa maumivu muda mrefu baada ya jeraha lenyewe kupona.

Acha nikueleze mwalimu ninayemwamini anafanana na nini. Kijana mmoja, mwenye vyeti viwili tu, alinipigia simu jioni moja akiwa bado ukumbini. Mteja wake alikuwa akitembea kwa visigino kama sehemu ya kupasha mwili joto, na kidole gumba cha mguu wa kushoto hakikuwa kinanyanyuka. Kilikuwa kinagusa sakafu kila hatua, kwa sauti ndogo ya kiatu kuburuza. Mteja hakuwa amegundua. Kijana alisimamisha kipindi, hakusema ni ugonjwa gani, alisema, "Hili si langu, anahitaji kuonwa leo." Alikuwa sahihi, ulikuwa mshipa wa fahamu ulioanza kubanwa, na mgonjwa alihudumiwa mapema. Vyeti viwili, na ukweli wa kujua kazi yake inaishia wapi. Ukimwuliza mwalimu wako swali moja tu, muulize hili: "Ni dalili zipi zikitokea utasimamisha mazoezi na kunirudisha kwa daktari?" Anayejua atakutajia bila kufikiri sana. Asiyejua atakuambia kwa mbinu yake hayo hayatokei.

Sikiliza pia kama yeye ndiye anayekuuliza. Kabla ya kipindi cha kwanza, mwalimu makini hukupa fomu ya afya. Inayotumika sana inaitwa PAR-Q+, ambayo ukurasa wake wa kwanza una maswali saba: moyo, shinikizo la damu, maumivu ya kifua, kizunguzungu, dawa unazotumia na kadhalika. Wako amepokea MRI akarudisha ahadi na tarehe ya malipo. Hakuuliza unatumia dawa gani, hakuuliza maumivu yanashuka mguuni au la, hakuomba kuzungumza na mtaalamu wako wa fiziotherapia. Labda angeuliza baadaye. Sitaki kumhukumu mtu nisiyemwona. Lakini mpangilio umekaa kinyume.

Una njia gani basi? Unaweza kuendelea naye, iwapo vyeti vitathibitika, atakubali kipindi kimoja kimoja au vichache kabla ya kulipa vyote, atakuwa na bima ya kazi yake, na ataondoa maneno ya kunyoosha nyonga mezani. Watu hubadilika wakiulizwa vizuri. Wengine walirithi lugha hiyo kwa waliowafundisha. Njia ya pili, ambayo mimi ningeianza, ni kumrudia mtaalamu wako wa fiziotherapia umwombe majina ya walimu wawili au watatu anaowapelekea wagonjwa. Anajua nani humrudishia wagonjwa wakiwa wazima. Ya tatu ni darasa la kikundi dogo lenye mwalimu aliyethibitishwa, ambalo ni nafuu zaidi, ila huko jicho la mwalimu linagawanyika, na kwa wiki za mwanzo mgongo wako unahitaji jicho. Ya nne ni kuendelea peke yako na mazoezi uliyopewa. Inawezekana, na kwa mtu mwenye nidhamu inatosha. Udhaifu wake ni kwamba wengi wetu hatuongezi mzigo bila mtu wa kutusukuma, tukabaki na mazoezi yale yale ya wiki ya kwanza kwa mwaka mzima.

Kuna hali ambazo hakuna mwalimu wa kusubiriwa, awe na cheti gani. Ganzi sehemu za siri au mahali unapokalia, kushindwa kuzuia haja au mkojo kukataa kutoka, miguu kulegea: hiyo ni hospitali, siku hiyo hiyo, hata usiku. Maumivu yanayokuamsha usiku pamoja na homa au kupungua uzito bila sababu, au mgongo kuanza kuuma upya kwa mtu aliyewahi kuugua saratani, yanahitaji daktari kabla ya zoezi lolote. Maumivu ya kifua ukiwa kwenye mazoezi, unaacha na unapata msaada papo hapo. Nayo maumivu yanayoanza kushuka chini ya goti, ambayo hukuwa nayo, mrudie aliyekutibu akupime tena.

Kwa sasa mwandikie hivi, na unaweza kunakili kama yalivyo: "Asante kwa kunijibu. Kabla ya kulipa naomba jina lako kamili kama lilivyo kwenye vyeti, namba za vyeti viwili unavyoviona vinahusu zaidi hali yangu, na taasisi zilizovitoa, ili nihakiki. Naomba pia kujua kama una bima, kama cheti chako cha huduma ya kwanza bado kiko hai, na kama uko tayari kuwasiliana na mtaalamu wangu wa fiziotherapia. Ningependa kuanza na kipindi kimoja." Ujumbe huo una adabu, hauna tuhuma, na mtu mwema anaujibu kwa dakika tano.

Kama nafasi itafungwa Ijumaa kabla hujamaliza kuhakiki, iache ifungwe. Mgongo uliovumilia miezi minane utavumilia wiki mbili za kuulizia, nawe asubuhi endelea na yale mazoezi uliyopewa kliniki, na ndoo ikikulazimu kuibeba, ijaze nusu.